Kengele ya Stesheni ya Kisima

Treni iliingia handakini kama kawaida, ila ilichelewa kutoka.

Mtu mwingine asingegundua. Handaki lenyewe lilikuwa bomba la saruji lisilozidi urefu wa mikono miwili ya mtu mzima, limefunikwa udongo na kupandwa maua juu yake, na treni ungeweza kuibeba kwapani. Lakini mzee huyu alikuwa mkuu wa stesheni kwa miaka thelathini na mmoja, na saa ya kichwani mwake haikustaafu pamoja naye. Kila treni ilipoingia alihesabu bila kujijua: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, kichwa kinachungulia upande wa pili. Alasiri ile alifika sita, akafika tisa, akafika kumi na mbili, ndipo kikatoka polepole, paa lake likiwa limelowa.

"Betri hiyo," alijiambia. Maji hakuyatafutia sababu.

Mtaa mzima ulimwita Babu Stesheni. Alipostaafu, mkewe alidhani sasa kapata mwenzake wa kupalilia mboga. Masikini, alipata reli. Kwanza ilikuwa duara dogo mbele ya kibaraza cha nyuma, "la kumfurahisha mjukuu tu." Kisha duara likavuka mfereji wa maji kwa daraja la vyuma vya mwavuli. Mataruma, vile vibao vya kulazia reli, aliyakata moja moja kwa msumeno mdogo na kuyachemsha kwenye oili chafu ili mchwa wayasusie. Kokoto alizichekecha kwa chekeche la unga, na ugomvi wa chekeche hilo ulichukua wiki nzima kupoa. Kichwa cha treni alikiunda kwa kopo la maziwa, mota ya wipa za gari na betri ya pikipiki, na nyuma yake yalifuata mabehewa manne ya bati yenye abiria wa mbao wenye urefu wa kidole.

Mjukuu ndiye aliyewapaka rangi. Alikuwa na miaka sita, wakimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na aliishi na babu na bibi yake kwa kuwa mama yake alifanya kazi mji mwingine. Abiria mmoja alimvika gauni la njano kama lake.

"Huyu ni mimi," alisema. "Nimekata tiketi ya kwenda na kurudi."

Mwaka ule babu aliamua kuiboresha njia, iwe na stesheni ya pili. Mwisho wa bustani, nyuma ya handaki, kulikuwa na kisima cha zamani kilichofunikwa kwa bamba la zege kabla wao hawajanunua nyumba. Bamba lilikuwa limenyooka vizuri mno. Aliweka pimamaji juu yake, tone la hewa likatulia katikati kabisa, na moyo wake ukayeyuka.

"Pale pabaya," mkewe alimwambia. "Kisima chenye maji hakifunikwi bure. Hatujui waliotutangulia walikimbia nini."

"Walikimbia kuteka maji, mama. Bomba lilipokuja, nani tena angehangaika na kamba?"

Akajenga stesheni ya kisima. Halafu, kwa kuwa stesheni mbili bila mawasiliano kwake zilikuwa upuuzi, akavuta waya kati yake na ya kibarazani, akafunga kengele na kitufe kila upande. Akamfundisha Chiriku sheria kama alivyowafundisha vijana wa kazi. Njia ni moja, treni haiondoki mpaka mwenzako akubali kuipokea. Milio mitatu: naomba njia. Ukirudisha mitatu: njia nyeupe, ilete. Miwili: imefika.

"Na nikisharudisha mitatu, nikibadili mawazo?" Chiriku aliuliza.

"Hubadili. Ukishatoa njia umeitoa. Treni lazima ifike."

Walicheza hivyo siku nyingi, babu kibarazani, mjukuu kisimani, mpaka mtoto akawa anajibu huku anasimulia habari za shule, bila hata kuangalia mkono wake. Babu alivimba kichwa kwa fahari.

Siku chache baada ya treni kuchelewa, saa kumi jioni, alikuwa amekaa kibarazani akipaka gurudumu grisi. Kengele ikalia mara tatu. Mkono ulitangulia akili. Kidole kilikwenda kwenye kitufe, kikabonyeza mara tatu, safi, kwa mpangilio, kama kilivyofanya maelfu ya mara maishani mwake.

"Babu," ilisema sauti nyuma yake, "unampa nani njia?"

Chiriku alikuwa mlangoni, kikombe cha uji mkononi.

Mzee alitazama mwisho wa bustani. Hapakuwa na mtu. Alikwenda mwenyewe, akakagua waya, akakagua kitufe, akakuta kitufe kimelowa na juu yake pana alama ya kidole, kirefu na chembamba. Pale penye bamba palinuka tope la zamani na nywele zilizoungua. Hakumwambia mkewe. Aliogopa kuambiwa ukweli.

Kesho yake aliipeleka treni mzunguko mmoja, kujipa moyo. Abiria wa gauni la njano alikuwa behewa la kwanza, dirishani. Treni ikaingia handakini. Akahesabu sita. Akahesabu thelathini. Akafika mia na ishirini, kisha akapiga magoti na kumulika kwa tochi. Bomba lilikuwa tupu. Aliona mwanga wa upande wa pili, na reli mbili zinang'aa katikati, na treni hakuna.

Jioni ile Chiriku hakumaliza sentensi aliyoianza mezani. Aliweka kijiko chini, akanyamaza, na ukimya wake ukaijaza nyumba.

Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alipoamka usingizi wa mchana nywele zake zilikuwa zimelowa chapachapa, na mto umekauka kabisa. Hospitali walimpima damu, wakampima kifua, wakampa dawa ya homa ambayo hakuwa nayo. Daktari akasema mtoto ni mzima, labda ana jambo moyoni. Bibi alimkalia kitandani akimsugua miguu, kwa kuwa ilikuwa ya baridi kama ya mtu aliyesimama kisimani.

"Bibi," alinong'ona siku ya nne. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Nipo, mama yangu. Sema."

"Imesimama gizani. Wanasubiri babu aipokee."

"Nini kimesimama?"

"Treni aliyoipa njia. Mimi niko ndani. Wananikalia, Bibi, wazito."

Bibi aliinua macho, akamwona mumewe mlangoni, na mzee akajua siri yake imekwisha. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, hata habari ya kitufe. Alitarajia matusi. Mkewe alimtazama tu, machozi yakimlengalenga, na hilo lilimuuma zaidi.

Alitoka na nyundo. Alitaka kulivunja lile bomba vipande vipande amtoe mtoto wake. Pigo la kwanza lilipotua kwenye saruji, Chiriku alipiga ukelele ndani ya nyumba, na Bibi alipomfunua bega alikuta limevilia damu. Nyundo ilimponyoka mzee. Alikaa pale chini kwenye kokoto zake alizozichekecha kwa mikono yake, akalia bila kuficha.

Aliyekuja kuwasaidia alikuwa fundi wa visima, mwanamke mfupi mwenye mikono kama koleo, ambaye watu walimwita kuchimba maji na, wakiishiwa na njia, kwa mengine wasiyoyataja mchana. Alilala kifudifudi juu ya bamba, akaweka sikio, akakaa hivyo muda mrefu.

"Wamo," alisema akijipangusa vumbi. "Jini wa kisima na watu wake. Walifungiwa humu zamani, kwa kazi nzuri tu. Ila mzee, hawakuvunja kitu hawa. Waliomba wakaruhusiwa."

"Sikukusudia."

"Najua. Lakini mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi kwa fimbo. Kazini kwenu, treni ikishapewa njia, mnafanyaje?"

"Lazima ifike," mzee alisema.

"Basi ipokee. Mtoe wa kwako, mmoja tu, kisha waombee njia ya kurudi. Usiwatazame nyuso. Na usichelewe, huyu mtoto hana siku nyingine."

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosini, kivuli cha kila mtu kimejikunja chini ya miguu yake. Mzee alivaa sare yake ya kazi. Vifungo vya tumboni viligoma, na kwa siku nyingine mkewe angemcheka. Alisimama kibarazani na bendera ya kijani, akabonyeza mara tatu: njia nyeupe, ileteni.

Kwanza ndege waliacha kulia, kisha vikombe vya bati vilivyoanikwa kwenye kichanja vikaanza kugongana taratibu, halafu ikaja ile harufu, tope na nywele zilizoungua, ikipanda kutoka ardhini kama ardhi yote imefunguliwa kifuniko, na chini ya harufu ukaja mngurumo ambao mzee aliufahamu kwa nyayo zake kabla ya masikio, mngurumo wa treni nzima, ya chuma, yenye mzigo wa tani na tani, ikija ndani ya bomba lisilopitisha hata ndoo, ikikaribia, ikipunguza mwendo kwa adabu kama dereva aliyeona stesheni, mpaka kichwa cha kopo la maziwa kikajitokeza kwenye mdomo wa handaki, kimepata kutu ya miaka, bila sauti ya mota, na nyuma yake mabehewa manne, na la tano, na la sita, na la saba ambayo yeye hakuyaunda, madirisha yao yameingia ukungu wa pumzi kwa ndani.

Treni ilisimama mbele ya viatu vyake. Kitu fulani kilivuta hewa kwa pamoja, kama umati unaotaka kuteremka.

"Behewa la kwanza," fundi alinong'ona. "Usiangalie mengine."

Aliinama. Aliingiza vidole dirishani, na ndani vidole vingine, vyembamba, vya baridi, vilipita juu ya mkono wake vikiupapasa mpaka kwenye kiwiko. Aliuma meno. Alimpata abiria wa njano, akamvuta, naye alikuwa mzito kama mtoto wa kweli, akamvuta kwa mikono miwili huku akimtaja Mungu, mpaka akachomoka.

Ndani ya nyumba Chiriku alikohoa, akatapika maji meusi, akaita, "Bibi! Nina njaa!"

Mzee alibonyeza mara mbili: imefika. Akabonyeza mara tatu: naomba njia. Behewa la mwisho likaanza kutikisika. Kisha kengele ikamjibu mara tatu, polepole, bila furaha. Alipunga bendera ya kijani. Treni ikarudi nyuma handakini, behewa kwa behewa, na haikuonekana tena.

Walifanya kazi mpaka jioni. Waliziba bomba kwa mawe na zege, wakang'oa reli, mataruma, waya na kengele zote mbili, na fundi akaondoka nazo ndani ya gunia.

"Wameondoka kwa ruhusa yako," aliwaambia getini. "Watarudi kwa ruhusa ya nyumba hii tu. Wakiuliza tena, asijibu mtu."

Wazee wawili wakakubaliana Chiriku asiambiwe kitu. Hakukumbuka chochote, na mdomo wake ulikuwa umerudi kazini. Kwa nini wamtie hofu? Alipouliza treni iko wapi, waliambiana kwa macho, wakamwambia imeharibika. Mzee akaanza kupalilia mboga. Miezi minne ikapita, na mahali pa reli pakaota mchicha mzuri wa kuvutia.

Siku moja mchana walikuwa mezani. Chiriku alikuwa akisimulia habari za mwalimu wake aliyekalia chaki, kijiko mkononi, na bibi yake akicheka mpaka anashika mbavu.

Chini ya sakafu, mbali sana, kengele ililia. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Kicheko cha Bibi kilikatika. Mzee aliusikia mkono wake ukitaka kuinuka, akaukalia haraka, akaubana chini ya paja kwa nguvu zake zote, akamtazama mkewe, naye mkewe akamtazama yeye, na wote wawili walikuwa wamejizuia vizuri.

"Basi mwalimu akainuka, nyuma kote kweupe!" Chiriku aliendelea, hata hakunyamaza kidogo, na huku akisimulia, bila kuangalia mkono wake, akagonga meza kwa kijiko mara tatu.