Chochote Kitakachojibu

Mashine haikuwa na diski, lakini skrini ilionyesha moja.

Zulhumor alikuwa ameichomoa diski kwa mkono wake mwenyewe, aone kisakinishi, programu ya kuweka mfumo kwenye kompyuta, kingefanyaje kikikosa pa kuuweka. Kisakinishi hicho kilikuwa kimezoea kiini kingine, ule moyo wa mfumo unaoendesha mashine. Kiini hiki kipya kiliziita diski kwa majina mageni, na kisakinishi kikawa kama kipofu ugenini. Basi jana, huku akinyonyesha, alikiandikia mstari mmoja wa kukisaidia: kigonge kila mlango, na chochote kitakachojibu kipewe nafasi.

"Mama," alimwita mkwewe, Saodat, kwa sauti ya chini. "Hebu nusa. Si nywele zinaungua?"

"Uchovu huo. Arobaini hujatoka, unahangaika na kompyuta, na mumeo yuko Urusi anazoa theluji." Kisha Saodat akanusa, naye akaipata harufu ile.

Skrini ikasonga bila kuguswa. *Inafuta yaliyomo.* Asilimia tatu. Tano.

Kwenye susu, kilio cha mtoto kikakatika. Zulhumor akamwinua, akampa ziwa, na binti yule aliyezoea kulirukia kwa harufu tu akalitazama kama anayetazama ukuta, macho yakipoa, vidole vikilegea kimoja kimoja, huku ndani ya mashine kitu kisichokuwemo kikizunguka, kikikwaruza, kikizunguka tena.

"Chomoa umeme," Saodat alinong'ona.

"Ukikata katikati, mama, hakibaki kitu. Cha zamani kimefutika, kipya hakijakaa."

"Kwani umeita nini?"

"Chochote kitakachojibu."

"Ndani ya arobaini? Na mtoto hana jina, tunamngoja baba yake aje amwadhinie?" Saodat akamwaga kwenye makaa ya chetezo mbegu za isiriki, zinazofukizwa kufukuza mashetani. "Mpe jina, mjinga wewe. Mpe wewe kabla hajapewa na mwingine."

Zulhumor akabandika midomo kwenye sikio dogo, baridi.

"Robiya. Wewe ni Robiya, binti yangu."

Asilimia zikasimama. Skrini ikazimika. Mtoto akavuta pumzi, akalidaka ziwa kwa pupa, na mama yake akalia kimyakimya ndani ya moshi. Saodat akang'oa waya ukutani, akautupa mbali.

"Mwite tena," alisema. "Alizoee."

"Robiya."

Mtoto akageuza kichwa. Na kutoka ndani ya mashine, kichanga kingine kikaitikia.