Ramani ya Mitaa Mitatu

Mwamvua alikuwa mezani akichora ramani ya wagonjwa, kalamu za rangi zimemzunguka. Alikuwa mhudumu wa afya wa mitaa mitatu ya Makorora. Siku nyingine hupaka maharusi hina. Wiki nzima alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani kaharisha mwezi ule. Kesho yake kamati ya kata ingeamua kioski kimoja cha maji kijengwe mtaa gani. Moyo wake ulikuwa Bondeni, anakokaa mdogo wake, Tausi. Huko wanakunywa maji ya kisima. Mtoto wa Tausi alishalazwa mara mbili.

"Mke wangu, hii ni ramani au leso ya harusi?" aliuliza mumewe, Idarusi.

Mtaa wa Juu ulikuwa mwekundu, Kati kijani, Bondeni njano.

"Nimechagua rangi zinazopendeza."

"Zinapendeza, lakini hazisemi kitu. Muite Mama Precious."

Mama Precious, jirani yao, kazi yake ni kuchora ramani kwa kompyuta. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Shoga, rangi tofauti ni za vitu vya aina tofauti. Huku bomba, kule kisima. Wingi wa wagonjwa ni kiasi. Kiasi kipe rangi moja, hafifu mpaka nzito."

"Kama hina. Ukirudia, inakoza."

"Hapo umenielewa. Haya, nyumba ngapi zina mgonjwa?"

"Juu arobaini. Kati thelathini. Bondeni kumi na nane."

Mwamvua aliweka kalamu chini. Bondeni ndiyo ingekuwa hafifu kuliko zote.

"Basi Tausi kakosa kioski," alisema. "Nikiongeza kidogo, nani atajua?"

"Utajua wewe. Usiongeze hata moja. Kila mtaa una nyumba ngapi?"

"Juu mia tano. Kati mia mbili. Bondeni sitini tu."

"Mtaa mkubwa lazima uwe na wagonjwa wengi. Tafuta ni nyumba ngapi zenye mgonjwa katika kila nyumba mia."

Mwamvua alipiga hesabu, akairudia. Juu nane. Kati kumi na tano. Bondeni thelathini.

"Sasa gawa madaraja," alisema Mama Precious. "Chini ya kumi, hafifu. Kumi mpaka ishirini, wastani. Zaidi ya ishirini, nzito. Andika pembeni maana ya kila rangi, asiyekuwepo naye asome."

Kesho yake Mwamvua aliibandika ramani ukutani mwa ofisi ya kata. Mzee Jumbe, mwenyekiti, aliitazama, kisha akaweka kidole Bondeni.

"Hapa hapahitaji maneno," alisema.

Kioski kikajengwa Bondeni. Miezi mitatu baadaye Mwamvua alirudi kuhesabu upya. Nyumba zenye mgonjwa zilikuwa tatu tu, na ilibaki moja kuulizwa. Akabisha hodi kwa Tausi, daftari mkononi.

"Hapa kuna aliyeharisha mwezi huu?"

"Hakuna, dada. Andika sifuri, kisha ukae tule."

Mwamvua akaandika sifuri. Akavua viatu, akaingia.