Mkia wa Neno

Mama Pacha na mdogo wake walikuwa madobi. Walifua mashuka ya nyumba ya wageni. Mmoja alisugua, mwingine alisuuza, na midomo yao haikupumzika.

"Dada, ukikamua hivyo shuka litaomba msamaha!" mdogo mtu alitania.

Sabuni yao iliandikwa kwa Kiingereza: "harmless". Mama Pacha hakukijua Kiingereza. Neno hilo alilijua kwa sura tu. Msimamizi alishamwambia, "Ukiliona hilo, ondoa wasiwasi. Sabuni haidhuru."

Asubuhi moja sabuni iliisha. Stoo walikuta dumu jipya. Mama Pacha alitazama maandishi. Akaona "harm", akaridhika. Herufi zilizofuata hakuzitazama.

"Ni ile ile," alisema. "Mimina."

Mdogo wake akamimina. Dawa kali iliyokuwamo iliruka, ikamwingia kwenye jicho la kushoto. Alipiga ukelele uliowatoa watu vyumbani. Mama Pacha alimwosha kwa maji mengi, wakakimbilia hospitali. Madaktari walihangaika siku tatu. Jicho halikupona.

Muuguzi wa wodi aliomba kuona karatasi iliyobandikwa kwenye lile dumu. Mama Pacha akaileta.

"Mama, hapa pameandikwa 'harmful'," muuguzi alisema. "'Harm' ni madhara. Mkia 'ful' unasema kitu kina madhara. Mkia 'less' unasema hakina."

Mama Pacha aliikodolea macho ile karatasi. "Kwa hiyo nimempofusha mdogo wangu kwa herufi tatu?"

Muuguzi alimvutia kiti.

"Nifundishe," Mama Pacha alisema mwishowe.

Muuguzi alichukua kalamu. "'Care' ni uangalifu. Mtu mwangalifu ni 'careful'. Mzembe ni 'careless'."

"Kama mimi."

"Ngoja kwanza, mama. Ukiongeza 'ly' kwenye 'careful', unapata 'carefully'. Hapo husemi tena mtu yukoje. Unasema kazi inafanywaje: kwa uangalifu. Haya, 'poison' ni sumu. Kitu chenye sumu ni 'poisonous'. Na 'wash' ni kufua. Nguo inayofulika ni 'washable'."

"Mikia yote hiyo!"

"Na kila neno lina mikia yake. Ukiwa na shaka, usikisie. Uliza."

Kila alipokwenda wodini, Mama Pacha alijifunza maneno mawili matatu. Aliyaandika nyuma ya kadi ya hospitali, huku machozi yakimtoka.

Aliporudi kazini, alikuta dumu lingine. Dobi mgeni alikuwa ameshika kifuniko.

"Acha!" Mama Pacha alipaza sauti. Akasoma polepole, kidole juu ya herufi. "Poisonous. Ina sumu. Na hapa, carefully. Kwa uangalifu."

"Unatuchelewesha," msimamizi alinung'unika.

"Sawa, nachelewesha. Dumu hili halifunguliwi bila glavu na miwani ya kukinga macho."

Msimamizi alimtazama, akanywea. Vifaa vililetwa siku hiyo hiyo. Mama Pacha aliandika kwa Kiswahili kwenye kila dumu: HATARI au SALAMA. Tangu hapo hakuna aliyeumia.

Jioni ya siku ile alimsimulia mdogo wake, ambaye sasa alikuwa nyumbani na bandeji usoni.

"Uliwaambia kilichonipata?" mdogo mtu aliuliza.

"Niliwaambia."

"Kwamba mimi ndiye niliyemimina?"

"Hapana," Mama Pacha alisema. "Kwamba mimi ndiye niliyesoma."