Pipa la Madam Dutreuil

Lison alimaliza jagi la tatu la maji kabla supu haijafika mezani, akaomba jingine. Mama yake, Ségolène, aliona midomo ya mtoto imepasuka. Walikuwa wamefika Bordeaux jana tu, kwa matembezi ya siku mbili kando ya mto Garonne, na binti huyo wa miaka sita aliingia mjini akiwa buheri wa afya.

"Fabien, hebu mnuse mdomoni," alimnong'oneza mumewe.

Fabien alinusa. Divai, na tope la mto.

Chini ya sakafu kitu kikagonga mbao, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi. Madam Dutreuil, mjane mwenye nyumba waliyofikia, akaangusha upawa.

"Nani ameshuka kwenye pipa langu?"

"Mimi," Fabien alisema. "Si ulisema kila Jumamosi lazima lijazwe? Nikaona umechelewa sokoni, nikalijaza divai ya chupa yangu. Nilitaka kukusaidia tu, madam."

"Chupa ya wapi?"

"Ya Libourne."

"Ng'ambo ya mto! We baba, una akili kweli? Aliyemo humo alizamishwa na watu wa ng'ambo! Hunywa divai ya ukingo huu tu. Ukimuudhi, humnywa aliye mdogo kuliko wote nyumbani."

Kiherehere kimewaponza wengi, lakini safari hii alilipa asiyekuwamo.

Walishuka ngazi mbio, Fabien amembeba Lison aliyekwisha kuwa mwepesi kama kapu tupu, harufu ya tope ikiwapanda puani, na mbavu za pipa zikivimba na kunywea kama kifua cha mtu aliyelala, na Madam Dutreuil akimimina chupa baada ya chupa ya divai yake mwenyewe, nayo ikirudi juu, ikimwagika miguuni mwao, ikikataliwa.

"Hataki," mjane alisema akilia. "Ameshaonja mtu."

Lison hakuwa tena na machozi. Ségolène aliona mwanawe anakwenda hivi hivi, na uchungu ukamtoa hofu yote. Akapiga magoti, akabandika mdomo kwenye tundu la pipa.

"Mwache. Ninywe mimi. Nakuomba, ninywe mimi."

Kugonga kukakoma.

"Baba, nina njaa," Lison alisema, na mashavu yake yalikuwa mekundu.

Fabien alimbusu huku analia kwa furaha, kisha akamshika mkewe mabega amwinue. Alivuta. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, lakini midomo ya Ségolène haikubanduka, na ndani ya pipa kulisikika mtu anameza.