Sauti Iliyokwepa Benchi la Tatu

Walikutana stesheni ya Voi, mwaka wa hamsini na nne, gari la Mombasa likimwaga watu. Wakesho, fundi wa cherehani, kavaa gauni la maua alilolishona mwenyewe. Kugeuka tu, akagongana na mdomo wa tarumbeta la besi, mpana kama sufuria ya harusi. Nyuma yake alikuwa Maundu, karani wa mizigo na mpigaji wa bendi ya kanisa.

"Pole, dada. Hili dude halina macho."

"Na wewe mwenye macho?"

"Yangu yalikuwa kwako."

Miezi sita baadaye akamposa. Wakesho akasema atajibu siku atakapoisikia ile sauti nzito kuliko zote, ambayo Maundu aliapa humpigia yeye peke yake bendi ikishanyamaza. Maana Jumapili tatu alikuwa amekaa benchi la tatu, mahali pake pa siku zote, akaona mashavu ya Maundu yamefura kama chura, macho mekundu, sauti hakuna! Hata mbu angemshinda.

"Mpenzi, nilipuliza mpaka madirisha yakatetemeka."

"Madirisha ya wapi? Nikiolewa nawe utaniambia kuna unga, kumbe debe tupu!"

"Wakesho wangu..."

"Jumapili hii nisiposikia, namwandikia mama kule Mwanda kwamba nimekataa."

Jumapili ikafika. Bendi ikanyamaza, mashavu yakafura. Kimya. Wakesho akasonya, akakwapua kibeti, akaelekea mlangoni mbele ya waumini wote.

Alipokaribia ukuta wa mlangoni, kitu kikamkamata kifuani. Sauti! Nzito, kama mlima Kasigau unakoroma. Akarudi hatua nne: imekufa. Akasogea tena ukutani: hii hapa!

Sauti nzito, msomaji, ina hatua ndefu kama twiga. Ikigonga ukuta hurudi, na ikikutana njiani na mwenzake anayetoka tarumbetani, humalizana, pakawa kimya hapo hapo. Siku zote hizo zilikuwa zikimalizana juu ya benchi la tatu.

"Mwezi mzima nimekaa kwenye shimo la kimya," Wakesho akafoka, "wala hukufikiria kunihamisha!"

Maundu angejibu vipi? Midomo imo kwenye shaba, mishipa imemtoka shingoni, na kuacha hathubutu.

"Pumua, mwanamume wewe, utapasuka! Nimekubali!"

Tarumbeta likashuka. Maundu akahema kama garimoshi lililopanda mlima.

"Umesemaje?"

"Njoo huku ukutani," akasema Wakesho, "nikuambie vizuri."