Kofi Lililochelewa

Soko la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu, na kila muuzaji alikuwa amefungua redio yake kwa sauti ya juu ili kuthibitisha kwamba ni nzima. Katikati ya vurumai hiyo, binti mmoja mwenye gauni la samawati, kilemba amekifunga kwa mkazo wa mtu asiyependa kubishiwa, alitua kisanduku cheusi juu ya meza ya fundi redio. Kilikuwa mashine ya ngoma: vibonye vya mpira vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja na sauti yake.

"Kibonye hiki cha kofi ndicho kinachopigwa kuliko vyote," alisema. "Kimelika. Nitafutie cha akiba."

Fundi redio alivua miwani. "Mwanangu, mashine hii imemzidi umri mwanangu wa kwanza. Vipuri vyake vimekwisha duniani."

Nyuma yao mtu alicheka. Alikuwa kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi hata mikunjo yake ikawa kama wembe, amekumbatia kompyuta ya mkononi.

"Samahani, dada. Nilitaka kumwamkia bibi. Shikamoo, bibi!"

"Marahaba," binti alijibu kwa niaba ya mashine, bila kugeuka. "Anasema umekua, ila adabu bado."

Fundi redio alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Kijana hakukubali kushindwa. "Vyote vilivyomo humo mimi ninavyo humu, kwenye programu moja," alisema akiipigapiga kompyuta. "Ngoma, makofi, hata vyombo ambavyo havijawahi kuundwa. Nikikosea, nafuta. Wewe ukikosea?"

"Narudia mpaka mkono ujue."

"Na raha yake iko wapi?"

"Ungesikia ndipo uulize."

Binti hakukusudia kumkaribisha, lakini kijana alikuja. Alimkuta binti katika chumba cha nyuma cha duka la shangazi yake, mshonaji aliyemlea binti huyo tangu utotoni. Mlango uliachwa wazi kwa amri ya shangazi, na cherehani ilinyamaza kila mazungumzo yaliponyamaza. Binti alipiga. Ngoma nzito zilitangulia. Kisha kofi likasubiriwa, likasubiriwa, likaja upana wa unywele mmoja baada ya pale sikio lilipolitazamia. Kijana alijikuta ameinamia mbele, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Hakucheka tena.

Tangu siku hiyo simu hazikukoma.

"Haloo, Bibi Kisanduku."

"Sema, Bwana Kompyuta."

"Leo chakula hakikupita. Nimekuwaza mno."

"Kula kwanza, mpenzi, ndipo uniwaze. Nitafanya nini na mchumba mwenye njaa?"

"Umesema mchumba!"

"Simu ina kelele, hukusikia vizuri."

Ndipo kituo kimoja cha redio kikatangaza kwamba kinatafuta mdundo wa kufungulia kipindi chake cha asubuhi. Binti hakuwa na tamaa ya sifa. Alitaka jambo moja tu, mkono wake usikike katika nyumba za watu ambao kwa miaka mingi walimwambia anachezea kopo. Alipiga mdundo wake, akaurekodi. Kwa kuwa kisanduku hakijui kutuma kitu popote, alimkabidhi kijana aupeleke kwa kompyuta.

Kijana alipoufungua, aliuona mdundo wa mpenzi wake kwenye kioo cha kompyuta: mistari ya wakati imesimama wima, na kila kofi limesimama pembeni kidogo ya mstari wake. Akadhani amekosea, akaingiwa na huruma. Kwa upendo mtupu, na bila kuuliza, aliamuru programu iyavute makofi yote yakae juu ya mistari. Akatuma. Kituo kikaukubali.

Alifika dukani akikimbia. "Wameuchukua! Sikiliza!"

Binti alisikiliza mpaka mwisho. "Huyu nani?"

"Ni wewe!"

"Si mimi."

"Nilikunyooshea makofi tu, mpenzi. Yalikuwa yamechelewa."

"Yote?"

"Yote."

"Kwa kadiri moja?"

Kijana alitafakari. "Ndiyo. Kwa kadiri moja."

"Umemwona wapi mtu anayekosea kwa kadiri moja kutoka mwanzo hadi mwisho?"

Uso ulimshuka. Hata hivyo alijitetea, na hapo ndipo alipoharibu: "Lakini wameupenda! Nani atajua?"

"Mimi," alisema binti, akamwonyesha mlango, ambao ulikuwa wazi kama kawaida.

Siku hiyohiyo alipiga simu kituoni. "Mdundo mlioupokea si wangu. Wangu ninao. Chukueni wangu au acheni."

Mkuu wa vipindi aliusikiliza simuni, akaguna. "Binti, huu unapepesuka. Ule umenyooka."

"Basi tumeachana salama."

Shangazi alishika kichwa. "Umeitupa bahati dirishani!"

"Shangazi, ukimshonea mtu gauni, akalifumua kiuno, akatembea akisema ni mkono wako, ungefanya nini?"

Shangazi aliuma uzi, akafikiri. "Ningemvua gauni hapohapo barabarani."

Hawakulizungumza tena. Simu za kijana zililia bila kupokelewa, kisha zikaacha kulia, na binti akagundua kwamba ukimya huo ulimuuma kuliko kelele zake. Hakubembeleza. Alipiga ngoma zake kila alasiri, kofi likichelewa vilevile.

Alasiri moja kijana alisimama kizingitini, shati halijapigwa pasi, mikono mitupu, bila kompyuta. Hakutoa salamu. Alianza kugonga mdundo ule kwa vidole juu ya meza ya kukatia nguo.

"Umewahi," alisema binti.

Akarudia.

"Umewahi tena. Unaogopa kusubiri."

"Naogopa," alikiri. "Nimejifunza tangu uliponifukuza, na bado naogopa." Akashusha pumzi. "Redio waliniita. Walitaka ule ulionyooka utoke kwa jina langu."

"Ukasemaje?"

"Nikawaambia mwenyewe yupo, na amekataa. Nimeufuta. Si nilikwambia ndicho ninachokiweza?"

Binti aliuma mdomo asicheke. Kijana alitoa mfukoni kibonye cha mpira.

"Fundi redio amekitoa kwenye mashine iliyokufa. Sikukileta tubadilishe. Ni cha akiba, kama ulivyotaka." Akakiweka mezani. "Nataka meza yetu iwe moja, kisanduku chako huku, kompyuta yangu huku, na nisiguse kofi lako maisha yangu yote. Nitakwenda kwa shangazi kwa heshima zote. Lakini nakuuliza wewe kwanza. Utaolewa nami?"

"Mlango uko wazi, nasikia!" shangazi alipaza sauti toka mbele. "Mjibu mtoto wa watu, nina nguo ya mteja!"

Binti alikitia kibonye katika mkebe wa sindano, akaufunga. Pale jibu lilipotazamiwa, hakuliweka. Kijana alijikuta ameinamia mbele tena. Cherehani ilinyamaza. Shangazi alichungulia mlangoni, mkono kiunoni, tayari kumjibia.

Kisha, mahali hasa alipopataka yeye, binti akasema:

"Ndiyo."