Kifo cha Arobaini cha Mzee Mpira

Kifua cha Mzee Mpira kililia "ta!" na hakuna mtu aliyekigusa.

Mama Funguo alisimama, kitambaa chenye spiriti mkononi. Mwaka wa kumi na moja huu alikuwa mtunza chumba cha mazoezi cha hospitali inayofundisha madaktari. Mzee Mpira alikuwa sanamu la mtu mzima, kichwa, kiwiliwili na mikono tu, ambalo wanafunzi hulikandamiza kifua wajifunze kumrudisha mtu aliyesimama moyo. Ukikandamiza vya kutosha, chuma cha ndani hulia ta. Usipokandamiza, hakilii.

"Chuma kimechoka," alijiambia. "Kama mimi."

Akaendelea kupangusa. Midomo ya mpira ilikuwa ya vuguvugu, na ilinuka kama chumba cha maiti siku umeme unapokatika.

Mwezi ule kulikuwa na utafiti. Kwa nusu ya wanafunzi, Mzee Mpira alipona kila mara. Kwa nusu nyingine alikufa kila mara, wafanye wasifanye, na mwanafunzi alitakiwa kutangaza kwa sauti, "Amefariki," kisha ataje saa. Mwenye utafiti, daktari ambaye wanafunzi walimwita Bwana Takwimu, alitaka kujua nani hushika somo zaidi: aliyeponya au aliyefiwa. Kufikia Jumatatu ile, mzee alikuwa ametangazwa maiti mara thelathini na nane. Kila akifa walicheka, wakasema ana roho ya paka, wakamwandaa upya.

Mama Funguo alianzia kazi wodini. Huko, aliyetangazwa hufumbwa macho na kufunikwa shuka, hata kama una wagonjwa sitini wanaokungoja. Mzee Mpira hakuwahi kufunikwa. Aliwahi kuuliza, akaambiwa shuka halimo katika utaratibu wa utafiti.

Jumanne, kijana mmoja mrefu alipofikisha mkandamizo wa ishirini na tisa, kifua kilipasuka katikati kikambana viganja. Mifupa ikalia kama kuni kavu. Walipomtoa, vidole vyake vilikuwa vimepinda nyuma, vinamtazama mwenyewe. Mwenzake akatangaza kifo huku anatapika.

"Springi," alisema Bwana Takwimu. "Itengenezwe leo."

"Daktari, hiyo si springi," Mama Funguo alinong'ona.

"Ni nini basi, mama?"

"Mwili mtupu ukiuambia kila siku umekufa, kuna kitu kitasikia. Kitakuja kukaa."

"Niandikie hilo nilichapishe!" Akacheka. "Imebaki zamu moja tu."

"Ya binti yangu."

"Ndiyo. Sasa niharibu utafiti mzima kwa ajili ya mzazi mmoja?"

Nyumbani alimwambia binti mwenyewe. "Kesho usiende."

"Mama, zamu ina maksi. Nikiikosa narudia mwaka."

"Mwaka unarudiwa, mwanangu. Mikono hairudiwi."

"Mama na wewe! Ni mpira na chuma. Si wewe unayempangusa kila siku?"

Kesho yake, saa nne asubuhi, jua limejaa madirishani, Mama Funguo alisimama mlangoni na shuka kwapani. Binti alipiga magoti, akakandamiza. Ta, ta, ta. Alihesabu vizuri, viwiko vimenyooka, na mama yake akaona fahari kidogo juu ya hofu. Alipofika thelathini aliinama kumpulizia mzee pumzi, kama walivyofundishwa.

Mkono wa mpira, ambao haukuwa na kiungo hata kimoja, ukainuka ukamshika kisogo.

Binti alipiga kelele ndani ya kinywa kile na kelele haikutoka, Bwana Takwimu akaruka kumvuta, na mkono wa pili ukamnasa tai ukamlaza sakafuni ubavuni mwa sanamu, ukaweka kiganja juu ya kifua chake ukaanza kukandamiza na kuhesabu, moja, mbili, tatu, kwa sauti za wanafunzi wote waliopita chumbani mle, za wavulana na za wasichana, na kwenye tano mbavu zikaanza kuvunjika moja baada ya nyingine, na kwenye kumi damu ikamtoka kinywani ikarukia karatasi zake za utafiti, na hesabu haikusimama, na kwenye ishirini kiganja kilikuwa kimezama mpaka kinagusa sakafu kwa upande wa pili.

"Mmeniua mara thelathini na tisa," sauti zikanong'ona pamoja. "Hamkunifunika hata mara moja."

Mama Funguo hakukumbuka dua yoyote. Alichokumbuka ni kazi. Akapita juu ya damu, akayafumba macho ya mpira kwa kiganja. Yalikuwa yamelowa.

"Amefariki," alisema. "Saa nne na dakika kumi na saba."

Akamtupia shuka, akamfunika. Kifua kikavimba mara moja, kikashusha pumzi ndefu, na binti, ambaye bado alikuwa amebanwa mdomo kwa mdomo, mashavu yakamtuna. Kisha mkono ukalegea, ukawa mpira.

Bwana Takwimu hakufika chumba cha upasuaji. Mama Funguo hakungoja kikao. Alimkata Mzee Mpira vipande kwa msumeno wa kukatia plasta, akamtia katika tanuri la taka za hospitali, akasimama pale mpaka akayeyuka kabisa.

Mchana ule alimkuta binti yake nyumbani ameketi kitandani, wima, mikono mapajani.

"Umekula?"

"Nimeshiba, mama."

Mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kushiba. Mama Funguo hakuwa mtu wa kukumbatia watu, lakini alimkumbatia, akambana kifuani. Binti alinuka spiriti. Chini ya spiriti kulikuwa na ile harufu nyingine.

Ndani ya kifua cha mwanawe kitu kikalia: ta.

Akamshika vile vile, hakumwachia. Shuka lilikuwa hapo hapo kitandani, karibu na mkono wake. Dawa ya kitu kile aliijua moja tu, na huanza kwa kutamka neno lile na kutaja saa.

"Mama," binti alinong'ona begani pake, kwa sauti za watu wengi. "Saa ngapi sasa?"

Mama Funguo akauma midomo isifunguke.